Jogoo wa Kaka na Maji ya Bomba

Nilimpigia simu kaka yangu. Jambo hilo nimelikana kwa miaka mingi: kwa mkuu wangu wa kazi, kwa mume wangu, hata kwangu mwenyewe.

Nilikuwa afisa afya Njombe mjini, mwenye shahada niliyoitaja hata nikinunua parachichi. Homa ya matumbo ilipozuka kitongojini kwetu, nje kidogo ya Makambako, nikatumwa kupima maji ya bomba. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: nenda bila taarifa. Lakini kwetu, dada anayefika kwa kaka yake bila taarifa amekuja kwa shari, na kaka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Basi siku moja kabla nikampigia.

"Kaka, kesho nakuja kuchukua sampuli."

"Karibu, daktari wetu. Kuna jogoo hapa ameshaanza kuandika wosia."

Kesho yake maji yalinuka dawa katika kila bomba. Mwenye akili angejiuliza. Mimi niliandika "wananchi wana mwamko," nikaenda kumla jogoo. Maabara ikasema maji ni safi.

Kama maji ni safi, basi lazima mkosaji awe mwingine. Kaka akamtaja mama mmoja mzee aliyeuza ulanzi, pombe ya mianzi, jirani na shule: eti anauchanganya na maji ya mtoni. Nikasaini karatasi ya kumfungia biashara. Mama yule alifunika madumu yake taratibu, kisha akanitazama.

"Mwanangu, wewe umesoma sana. Hebu niambie, hao watoto wa chekechea waliolazwa, walikuwa wateja wangu?"

Watu waliokusanyika wakacheka. Nikacheka nao, kama mtu asiyejua kwamba anayechekwa ni yeye.

Baada ya wiki mbili walilazwa watoto wengine, akiwemo mjukuu wa mama yule. Swali lake likaanza kuninyima usingizi. Safari hii sikumpigia mtu. Nilipita nyumbani kwa kaka bila kubisha hodi, nikapanda hadi kwenye chanzo cha maji. Hatua chache juu yake, nyuma ya matuta ya viazi vya kaka, kilisimama choo cha vibarua wake. Shimo lilikuwa limefurika, na uchafu ulikuwa ukiteremka polepole kuelekea kwenye chanzo. Nikajaza chupa zangu. Maji hayakunuka dawa hata kidogo.

Nilirudi Njombe na njaa. Nilikuwa bado nabandika majina kwenye chupa simu ilipolia.

"Mdogo wangu, nasikia ulikuwa chanzoni."

"Ndiyo, kaka."

Nilingoja ajitetee, anitukane, au walau aulize hali za watoto. Aliponena, sauti yake ilikuwa ya mwenyeji aliyevunjiwa heshima.

"Sasa mbona hukunipigia? Ningewahi kutia dawa, kama mara ile."