Njia ya Ng'ombe Iliyopotea Kwenye Karatasi

Mmeniganda kama kupe: bibi andika, bibi andika. Mkono huu umezoea jembe, si kalamu. Haya, naandika habari za Letisia, ila asinisahihishe mtu.

Letisia, mjukuu wa fundi reli wa Kilosa, ana duka la kuchapa Mikumi, pale malori yanapopumzika. Wakulima na wafugaji wa Tindiga walipokubaliana kwa taabu njia ya ng'ombe ya kwendea mtoni, yeye ndiye aliyeichora ramani kwenye kompyuta. Siku ya kuichukua wakaja wawili: Mzee Saitoti wa wafugaji, na Samson wa wakulima, kaka yake Letisia tumbo moja.

"Shikamoo, mzee," Letisia akamsalimu.

Mzee hakuitikia. Alikuwa ameinamia karatasi. Mashamba yapo, mto upo, njia haipo.

"Umeifuta," akasema. "Kaka yako analima pale pale inapopita."

"Ipo, mzee! Tazama kwenye kioo cha kompyuta, ipo!"

"Ng'ombe wangu watapita kwenye kioo?"

Shikamoo ikikosa marahaba, jua umeshahukumiwa. Na ng'ombe walikuwa njiani tayari. Bila ramani ya kuwaonyesha wachungaji, wangeingia kwenye mpunga, na fimbo zingeongea.

Letisia akakumbuka jambo. Kompyuta huchora kwa nukta. Za kioo ni kubwa kama punje za mahindi. Za mashine ya kuchapa ni ulezi. Ramani aliikuza ijae karatasi, lakini mstari wa njia akauacha na unene wa nukta moja. Punje moja ya ulezi kwenye jamvi zima, nani aione?

Akaunenepesha kwa pupa, akachapa tena.

"Dada!" Samson akaruka. "Umenilia majaruba yangu ya mpunga! Hii njia ya ng'ombe au barabara ya Iringa?"

"Kumbe unajua kuona," mzee akamwambia.

Simu ya mzee ikalia, ni wachungaji: ng'ombe wana kiu, wamefika ukingoni mwa mpunga.

"Mlikubaliana upana gani?" Letisia akauliza. Wakajibu kwa pamoja, upana uleule, kisha wakatazamana kwa hasira. Basi akaachana na nukta. Akapiga hesabu ya upana ule kwa kipimo cha ramani, akaiamuru kompyuta ichore kwa milimita, maana milimita haibadiliki, mashine iwe ya mahindi au ya ulezi.

Karatasi ikatoka polepole kama mtoto mkaidi. Mzee akaweka kidole kwenye boma, akakiburuta hadi mtoni. Samson akakifuata kwa macho. Kidole kikapita kando ya shamba lake bila kuligusa.

Mzee akaikunja ramani, akafika mlangoni, akageuka.

"Marahaba," akasema.

Nimemaliza. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, mimi mkubwa wako hujanisalimu. Inuka, useme shikamoo, nisikie.