Nailoni ya Kung'aa

Mkunga wetu wa Njombe hakumshika mtoto kabla ya kupasha vidole vyake kwapani. Mwanangu, aliyezaliwa kabla ya siku zake asubuhi moja ya Juni yenye baridi kali, mkunga alimviringisha kwa khanga, kisha kwa nailoni nyembamba iliyopakwa madini, inayong'aa kama kioo, akaacha uso tu. Alikuwa ameinunua Makambako, mitumba iliporuhusiwa kuuzwa, kwa mchuuzi Nasiri aliyemwapia kwamba Wazungu huitumia kufunikia vyombo vya angani. "Huko angani kuna baridi kuliko Njombe?" alimuuliza, akaichukua. Asubuhi ile hakumtazama mtoto. Aliisikiliza nailoni, shingo kaipinda, maana kila pumzi iliichakarisha kidogo. Mama mkwe na wifi zangu walipoanza wimbo wa kanisani, yeye, Mlutheri kama wao, aliinua mkono. "Mama zangu, nisameheni. Mkiimba simsikii." Wakanyamaza. Nikasikia sakitu, umande ulioganda usiku, ikiyeyuka na kudondoka kutoka kwenye bati. Nikasikia nailoni. Kisha sikuisikia tena. Mkunga alivirudisha vidole vyake kwapani, akavipasha upesi upesi, na midomo yake ikaanza kuimba ule wimbo bila sauti.