Feni Niliyoilaumu Bure

Kompyuta yetu hapa Tassia, ambayo binti yangu huitumia kufanyia kazi nyumbani na mimi huchezea gemu za mpira, ilikuwa imezeeka. Nilichagua prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, na feni ya kuipoza, nikazifunga mwenyewe. Kompyuta ikawa inapata moto na kuzimika kila mara, hata binti yangu akaonywa na mwajiri kwa kuchelewesha kazi. Nikashangaa: joto hilo latoka wapi? Nilimwita muuzaji wa vifaa hivyo kwa barua rasmi ya malalamiko kuhusu feni.

Muuzaji huyo, mama mmoja, alikuja akaing'oa feni. “Mzee, mbona nailoni hii ya chini ya feni hukuibandua? Ndiyo inayozuia joto la prosesa kutoka.”

“Kitu kipya hakivuliwi nailoni, mama. Hata rimoti yetu inayo.”

Binti yangu akasoma kwa sauti maandishi mekundu ya kwenye nailoni: “‘Ondoa kabla ya kufunga.’ Baba, hukuyaona?”

Niliyaona. Nilidhani yanawahusu wasiotunza vitu.