Santuri ya Saa Saba
Muuza santuri wa Karatina hupiga nyimbo za gitaa tangu asubuhi, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa. Saa saba, duka likitulia, huweka santuri aliyoachiwa na mwanajeshi Mzungu wa Nanyuki: piano inagongwa, kimya kirefu, kisha filimbi inalia kama bawaba kavu. Mkono wake hubaki karibu na sindano, tayari kuiinua, maana kila anayeingia humwambia aitoe. Kwa miaka miwili hajapata mtu wa kuisikiliza naye hadi mwisho.

Jumanne iliyopita aliingia Waithira, muuza viazi.

"Mzee, hii kitu imeharibika?"

"Hapana, mama. Iko hivyo tu."

Waithira alitua kikapu, akasikiliza mpaka ikaisha. "Hii hata kwa harusi haichezeki," alisema. "Lakini hebu rudia hapo iliponyamaza."

Muuza santuri alirudisha sindano, kisha akatia mikono mfukoni.