Patrobas Wabwire Haulizi Njia

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuuliza njia. Njia ndizo huniuliza mimi."

Patrobas Wabwire aliyasema hayo pale Soko la Burma, Nairobi, Jumapili moja ya Septemba 1996, mfupa wa mbuzi mkononi, mbele ya meza tatu za watu ambao hawakuwa wamemuuliza chochote.

Mzee Patrobas, jirani yetu wa Komarock, aliendesha lori la taka la kanjo, yaani baraza la jiji, kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alinunua Datsun ya kijani, na kila Jumamosi akawa anapotelea kwenye barabara za vumbi ng'ambo ya mji mdogo wa Tala. Hakuwa na shughuli huko. Alikuwa anaangalia mashamba tu. Wenzake walistaafu wakaleta maziwa nyumbani. Yeye alileta vumbi.

Kimeu, aliyekuwa akitukatia nyama, kwao ni Matungulu huko huko. Alifuta kisu polepole.

"Mzee, wewe ulikuwa unapeleka taka Dandora. Harufu yenyewe ilikuwa inakushika mkono. Kwetu utafuata nini?"

Tulicheka mpaka meza ya nne ikageuka. Mzee akaapa kwamba Jumanne, Kimeu akiwa kwao mapumzikoni, angefika mlangoni pake kwa njia za ndani bila kuuliza mtu. Boma la Kimeu lilipakana na kiwanda cha kahawa ambacho Mzee alikuwa amekipita jana yake.

Habari ilimfikia mkewe, Nekesa, kabla sisi hatujafika nyumbani. Kwa muda mrefu Nekesa alitaka Datsun iuzwe, anunue ng'ombe wa maziwa amweke kwao Kimilili. Akatoa masharti yake akiwa anaanika nguo: ukifika bila kuuliza, gari linabaki na sitalitaja tena, ukiuliza, linauzwa mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe angekaa mbele awe hakimu. Mimi niliwekwa nyuma niwe shahidi, kwa kuwa nina nusu ya diploma ya upimaji ardhi na Jumanne zote nilizokuwa nazo zilikuwa wazi.

Baada ya Tala tuliacha lami. Nakubali, ilikuwa safari nzuri. Barabara nyekundu ilizunguka vilima vilivyokatwa matuta, kahawa upande huu, migomba upande ule, na mbaazi zilizokauka zikichakacha tulipopita. Watu waliacha majembe wakatupungia kana kwamba tumekuja kutoa posa. Nekesa, aliyepanda amenuna, alianza kuteremsha kioo. Kila uwanja wenye mbaazi alikuwa anaugeukia.

Mzee aliendesha kwa daftari. Tabia ya kanjo: saa ya kutoka, kilomita, kila kona imeandikwa. Akanipa nimsomee.

"Kilomita kumi na nne," nikasoma. "Soko kubwa la mitumba. Pinda kushoto."

Kilomita kumi na nne ikafika. Soko halikuwepo. Palikuwa na uwanja mtupu, fito chache zilizochomekwa ardhini na mbuzi watatu. Upande wa kushoto vijia vilikuwa vitano, vyote vinafanana. Mzee alipunguza mwendo, akautazama uwanja, akautazama tena kwenye kioo, kisha akaongeza mwendo. Alisema soko liko mbele kidogo.

Mbele kidogo ilichukua saa nzima. Tulivuka mto usio na maji, tukapanda, tukashuka, barabara ikawa njia, njia ikaingia katika boma la watu na kuishia hapo. Mwenye boma, mama mzee aitwaye Kezia, alikuwa ameanika mbaazi uwanja wote. Gari lisingeweza kugeuka bila kuzikanyaga.

Hakushangaa. Alituletea viti na chai. Tukanywa. Nekesa alikuwa anapitisha mbaazi kati ya vidole. Mimi nikahesabu kuku. Mzee alikimaliza kikombe, akaongezewa, akamaliza na hicho, akakiweka chini taratibu.

"Mama," akasema, "nimepotea. Lile soko limehamishiwa wapi?"

Kezia alimtazama kwa huruma. "Halijahama, mwanangu. Huku soko ni Jumamosi na Jumatano. Leo kila mtu amebaki kwake na nguo zake."

Hata mimi msomi jambo hilo halikuwa limenipitia akilini. Ukikulia Eastlands, soko ni kama ukuta: ukilala liko, ukiamka liko. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna mahali linafika asubuhi na jioni linaondoka.

Tulisaidiana kuzisogeza mbaazi, gari likageuka, Kezia akatuelekeza kijia cha kufuata. Kwa Kimeu tulifika saa kumi, na kabla hajafungua mdomo Mzee akamwambia, "Nimeuliza." Kimeu alikuwa na matusi matamu tayari, nilimwona, lakini aliyameza akaenda kuleta mbavu.

Mwisho wa mwezi nilimwuliza Nekesa Datsun inauzwa lini. Alikuwa mlangoni pake, anawapimia majirani mbaazi kwa kilo, na Mzee yuko chini ya gari anakaza kitu.

"Na mbaazi za Kezia nizibebe kichwani mpaka Komarock?" akasema. "Wewe shika mfuko vizuri."

Kwa Kezia, debe moja la mbaazi lilikuwa shilingi mia tatu na ishirini; Nekesa akilimaliza kwa kilo, lilimletea karibu mara mbili.