Shikamoo ya Mlimani

Juzi nilisimama na ndoo ya maji kwenye njia ya Kinole, nikiwanywesha wakimbiaji wa mbio ndefu za mlimani. Akaja mzee mmoja, mkulima wa kabichi, mkono kiunoni, anayumba kama mlevi. Nyuma yake akatokea binti, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliyekuwa wa kwanza mbioni kati ya wanawake wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akaitikia kwa shida.

Nilidhani atampita. Badala yake akapunguza mwendo, wakaenda bega kwa bega, na mara nikasikia tena, "Shikamoo, baba."

Mzee akakasirika. "Binti, leo utaniamkia mara ngapi?"

"Mpaka tufike. Ukishindwa kuitikia, nitajua pumzi imekwisha, nikubebe."

"Unibebe mimi? Marahaba!" Akanyoosha mgongo.

Nikaiacha ndoo, nikawafuata. Mteremko mzima ni shikamoo na marahaba, huku wanawake wengine wakimpita binti mmoja mmoja.

Uwanjani mjini, mbio zinapoishia, walifika karibu wa mwisho. Binti akaanguka kifudifudi kwenye nyasi, akatulia. Mzee akamwinamia, akasema watu wote wakisikia, "Shikamoo, mwalimu."

Tukapigwa na butwaa. Kutoka kwenye nyasi ikatoka sauti nyembamba: "Marahaba."

"Kaitikia!" mzee akatutangazia. "Hana haja ya kubebwa."

Kwenye mikutano yetu tunaitana ndugu mpaka midomo inakauka. Ndugu niliowaona siku ile hawakulitamka neno hilo hata mara moja.