Ukuta wa Nne wa Mwanne

Siku hizi kuta ni za saruji na hazisemi kitu. Mimi niliziona kuta zikisema, mwaka 1950, kijijini kwetu karibu na Nachingwea.

Kila baada ya mavuno wanawake walipamba nyumba kwa rangi za udongo, na kazi ya mume ilikuwa kuchimba udongo mweupe bondeni. Mwaka huo Saburi, mume wa Mwanne, aliendesha trekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, na miezi saba hakuonekana nyumbani. Mwanne, mkulima wa ufuta kama wenzake, akachora peke yake.

Ukuta wa kwanza, watu wawili walikula sahani moja. Wa pili, mwanamume alikaa juu ya trekta, katupa mgongo. Wa tatu, mwanamke alilala ukingoni mwa kitanda kipana. Watu walikuja kutazama hata kutoka kijiji cha Marambo. Waliokuja kucheka waliishia kukaa chini na kuzisoma kuta moja moja, nami pia.

Ijumaa moja, watu tukiwa bado tunatazama, Saburi akatokea. Akaizunguka nyumba polepole, akasimama penye ukuta wa nne, uliokuwa mtupu.

"Mama Zuena, huu vipi?" akamuuliza mkewe.

"Udongo mweupe umekwisha. Mchimbaji yuko kwenye trekta."

"Jembe lipo uani, shemeji," akadakia jirani yao Ashura, watu wakacheka.

Saburi hakucheka. Alivua viatu, akachukua jembe na kikapu, akashuka bondeni. Hakuna aliyeondoka mpaka tulipomwona akipandisha, kikapu kimejaa, udongo mweupe umemganda hadi kwenye kope.